Nyumba za Kale za Udongo na Maarifa ya Mwenye Nyumba

Mjini Biharamulo lipo boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na habari zake zimo vitabuni. Nyumba za raia hazina bahati hiyo. Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, nyumba kongwe za tofali bichi zilizounganishwa kwa udongo, nyingine zikiwa zimekaliwa na vizazi vitatu, huanguka pasipo kuandikwa popote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia mwaka 1863. La baadaye hapana budi litangazwe rasmi kwanza. Kwa hiyo mlinzi wa nyumba hizi ni mwenyewe.

Lakini aghalabu nyumba ya namna hii haiuawi na uzee, bali na matengenezo. Mwenye nyumba apatapo fedha hununua mifuko ya saruji, akamwita fundi apige lipu juu ya ukuta wa udongo ili upate sura mpya. Nia yake ni njema kabisa.

Ukuta wa udongo hunywa maji. Wakati wa mvua huyavuta kutoka ardhini, kama utambi uvutavyo mafuta ya taa, na wakati wa kiangazi huyatoa kupitia kandiko lake. Saruji huziba njia hiyo. Maji yaliyonaswa nyuma ya lipu hupanda juu zaidi, na tofali za chini hulainika hata zikashindwa kubeba uzito wa zilizo juu. Aidha, udongo hutanuka ulowapo na kunywea ukaukapo, ilhali saruji ni ngumu na haiufuati. Basi lipu hupasuka, mvua huingia katika nyufa, na mwishowe bamba zima hubanduka likiwa limeng'oa uso wa tofali. Kwa miaka michache nyumba hupendeza. Zanzibar pia, kuta za mawe na chokaa zimepatwa na maradhi hayo hayo.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba nyingi mkoani Kagera, hasa pande za Bukoba, na wengi wakazidi kuuogopa udongo. Hofu hiyo si ya bure, kwani udongo hauvumilii sana mtikisiko. Lakini ukuta uliolainika chini ya saruji huvumilia kidogo zaidi.

Ukuta wa udongo hutengenezwa kwa udongo. Ujuzi wa kukandika haujatoweka vijijini. Kinachohitajika ni kuongeza kipimo. Chupa ya kioo hujazwa udongo hadi theluthi moja, ikaongezwa maji na chumvi kidogo, ikatikiswa sana na kuachwa siku nzima. Mchanga hutua chini, na mfinyanzi, ulio laini kuliko vyote, hukaa juu. Tabaka la mfinyanzi likiwa nene mno, kandiko litapasuka. Huongezwa mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Kisha vipande vinne au vitano vya michanganyiko mbalimbali hupakwa ukutani, kila kimoja upana wa viganja viwili. Baada ya wiki moja, kisichopasuka wala kupukutika kikisuguliwa ndicho kitumike. Somo hili lafaa lifanyike kwenye ukuta wa mwanakijiji mmojawapo, majirani wakishika udongo kwa mikono yao, kwa kuwa ubaoni halieleweki.

Kabla ya yote maji yaondolewe: upenu urefushwe, mfereji uchimbwe, na udongo uliorundikana ukutani kwa kufagiliwa miaka mingi ushushwe chini ya usawa wa sakafu.

Nyumba iliyokwisha kupigwa saruji isibanduliwe yote kwa pupa. Mwenye nyumba agonge lipu kwa nyundo ndogo polepole; panapolia kitupu pameachana na tofali. Mwanzoni mwa kiangazi, mwezi Juni, aondoe sehemu hizo pamoja na ukanda wa chini hadi usawa wa goti, auache ukuta ukauke hadi Agosti, ndipo akandike.