Kazi ya ziada bila vita: vidokezo kwa mzazi wa Kianjokoma

Umetoka kupeleka majani chai kituoni, mgongo unauma, na mtaala wa umilisi unakutaka uketi na mtoto. Naye ana usonji, au hatulii hata dakika tano, au kusoma kunamtoa jasho. Kabla hujamwita mkaidi, jaribu haya.

1. Anza na mwili, kitabu baadaye. Darasani amejikaza mchana kutwa: kelele, vumbi la chaki, kusukumana kwenye foleni ya uji. Mwache abebe mtungi wa lita tano kutoka tangini, asukume wilbaro au akande unga wa chapati. Kazi ya misuli huwatuliza watoto wengi. Mmarekani Jean Ayres aliandika kitabu mwaka 1972 kuhusu jinsi ubongo unavyopanga yale yanayoletwa na hisia; shosho angesema tu, "Mtume kwanza."

2. Vua yunifomu. Sweta ya shule inawasha, na ile lebo ya shingoni ikatwe leo hii. Baridi ya Julai ikizidi, mpe nguo anayoipenda yeye, hata kama imechakaa.

3. Mvua ya Aprili ikipiga mabati, hata wewe husikii redio. Kwa mtoto anayeumizwa na sauti, hapo hesabu zimeisha. Mhamishie chumba chenye dari kama kipo, mvike kofia ya sufu inayofunika masikio, au subirini ipungue. Balbu inayopepesa nayo ibadilishwe.

4. Uzito mapajani. Chukua soksi kuukuu, jaza maharagwe makavu, ushone mdomo imara. Isiwe nzito: lazima aweze kuitoa mwenyewe, na asilale nayo. Utafiti haujaonyesha kwamba uzito humsaidia kila mtoto, kwa hiyo soksi itangulie kabla hujatumia maelfu kununua blanketi zito. Akiikataa, maharagwe yaende sufuriani.

5. Anayetafuna penseli apewe karoti. Muwa pia unafaa, ila utalowesha daftari.

6. Kiti si sheria. Wengine huandika vizuri wakilala kifudifudi sakafuni au wakisimama dirishani. Afanye dakika kumi, aruke nje, arudi. Muda auone kwenye saa ya ukutani, maana kengele ya simu huwashtua wengi na jioni nzima ikaharibika.

7. Mwandikie mwalimu. Mtoto aliyepata hesabu tano sawa ameshaelewa. Za nini nyingine kumi na tano saa mbili usiku? Usione haya kuomba apunguziwe. Hata baraza la mitihani, KNEC, huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum.

8. Tafuta tathmini. Vituo vya tathmini ya kielimu, EARC, vilianzishwa nchini mwaka 1984 kwa kazi hiyo hasa, na ofisi ya elimu ya kaunti itakuelekeza kilicho karibu. Usiende mikono mitupu. Kwa wiki mbili andika kila jioni: alikaa wapi, kulikuwa na kelele gani, alikula nini, alimaliza au alilia. "Jumatano mvua, alirusha kitabu; Alhamisi jikoni, soksi mapajani, alimaliza kusoma" humsaidia mtaalamu kuliko kusema mtoto ni msumbufu.