Mama K., Dawa Ipo, Lakini Usianze na Kidonge cha Sokoni

Mama K. wa Ludara,

Pole, mwanangu. Mtoto wako wa miaka minane hatulii. Darasani anasimama, anazunguka, anachukua kalamu za wenzake. Nyumbani unamtuma maji anarudi na kinyonga. Mwalimu amesema usimrudishe shuleni mpaka umtafutie dawa. Shemeji yako wa Kampala anasema ni ADHD, yaani tatizo la utundu uliokithiri na kukosa umakini, na dawa yake ni Ritalin. Jirani amekuletea vidonge vyeupe kutoka soko la Ariwara, "vya kumtuliza". Halafu mwisho kabisa, kama jambo dogo, umeandika kwamba akiwa na miaka mitano malaria ilimpanda kichwani, na tangu hapo anameza fenobabitali ya kifafa.

Mama, hilo uliloliweka mwisho ndilo tuanze nalo.

Kidonge anachokimeza tayari

Fenobabitali ni dawa ya zamani, inatumika tangu mwaka 1912. Ni ya bei nafuu, na imewaokoa watoto wengi huku kwetu West Nile. Lakini ina tabia yake. Mtu mzima humletea usingizi, ila mtoto wakati mwingine humfanya kinyume: anakuwa mwepesi wa hasira, hakai mahali, anasoma hashiki. Malaria ya kichwani nayo huacha alama. Daktari Richard Idro na wenzake walieleza mwaka 2010 jinsi watoto wa Uganda waliopona malaria hiyo walivyobaki na utundu uliokithiri, kukosa umakini na ukali.

Basi kaa chini ukumbuke: vurugu hii ilianza lini? Kabla ya homa, baada ya homa, au baada ya kidonge? Muulize na bibi yake, maana wakati mwingine bibi huona asiyoyaona mama. Jibu hilo litamfaa daktari kuliko lolote atakaloambiwa na mwalimu.

Ila nisikie vizuri. Usiikate fenobabitali wewe mwenyewe, hata kwa siku mbili. Ikiachwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi mfululizo bila kukoma, na hicho huua. Daktari akiona dawa ndiyo chanzo, atampunguzia taratibu huku akimwanzishia nyingine, kwa mfano kabamazepini.

Vidonge vya Ariwara

Jirani yako ana moyo mzuri, sina shaka. Lakini kidonge kisicho na jina ni kitendawili tumboni mwa mtoto. Kikiwa ni diazepamu, juu ya fenobabitali kinaweza kumzuia pumzi usingizini. Kikiwa ni klopromazini, utampata mtoto aliyezubaa, na kifafa chake kinaweza kuongezeka. Mwalimu atafurahi kwamba darasa limetulia, na mtoto hatajifunza kitu. Usimpe hata kimoja. Uvifunge, umpelekee daktari avione.

Dawa anayoisema shemeji

Shemeji hakudanganya. Ritalin ni jina la biashara la methilfenideti, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1950. Kwa mtoto mwenye ADHD ya kweli humsaidia kutulia na kushika somo. Huanza kazi ndani ya saa moja na ile ya kawaida hudumu kama saa nne, ndiyo maana wengine humeza asubuhi na adhuhuri. Hupunguza hamu ya kula, huchelewesha usingizi, huongeza mapigo ya moyo. Kwa hiyo mtoto hula kwanza ndipo ameze, na kila baada ya muda hupimwa uzito, urefu na presha. Mwenye kifafa anaweza kupewa, ila kifafa kiwe kimedhibitiwa.

Ni dawa inayolindwa na sheria, chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, na huandikwa na bingwa. Usitarajie kuikuta kituo cha afya. Shirika la Afya Duniani lilikataa mwaka 2019 na tena 2021 kuiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu, likisema ushahidi haujatosha. Mimi naona watoto wa maskini ndio walioumia kwa uamuzi huo.

Zipo nyingine. Atomoksetini huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Klonidini hushusha presha, nayo haiachwi ghafla. Imipramini ni ya kale na inapatikana kwa urahisi zaidi, lakini si ya kuanza nayo: inaweza kuamsha kifafa, na mtoto akimeza vingi kwa kucheza, moyo unaweza kusimama.

Mwalimu naye ana zamu yake

Hata kwa mtoto mwenye ADHD hasa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka wazazi na walimu wafundishwe kumlea kwanza, kisha dawa ifuate kwa ushauri wa bingwa. Chini ya miaka sita, hapana. Mwombe mwalimu amketishe mbele, ampe agizo moja kwa wakati mmoja, amtume kufuta ubao miguu ikimwasha. Nawe umsifu papo hapo anapomaliza kazi. Kiboko hakitibu, na sheria ya watoto ya Uganda ilikipiga marufuku shuleni mwaka 2016. Wala mwalimu hana haki ya kumfukuza kwa ugonjwa. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie.

Fanya hivi

Anzia kituo cha afya chako, uombe barua ya rufaa kwenda kitengo cha akili cha Hospitali ya Rufaa ya Arua. Wakiona inafaa watakutuma hospitali ya akili ya Butabika, Kampala. Nenda na mtoto mwenyewe, kadi zake, pakiti ya fenobabitali na vidonge vya jirani. Waombe wampime masikio na macho pia, kwani asiyesikia huonekana mkaidi.

Usingoje muhula mpya, nenda wiki hii. Na mpaka siku hiyo, fenobabitali yake ameze kama alivyoandikiwa, kwa saa ile ile.