Mistari ya matukio kwenye chati ya randi na dola

Usichore mstari kwa mkono juu ya chati. Ukiongeza bei za mwezi mpya chati inasogea, mstari unabaki palepale.

Kwenye Excel, tumia chati ya nukta (scatter). Pembeni andika tarehe za matukio, mfano 2015/12/09, Rais Zuma wa Afrika Kusini alipomwondoa Waziri Nhlanhla Nene Wizara ya Fedha, na mbele yake kimo cha chati, tuseme 20. Ziongeze kama mfululizo wa pili, weka vipau vya makosa (error bars) vinavyoshuka asilimia 100, kisha ficha nukta. Vya mlalo huja bila kuombwa, vifute.

Kompyuta nyingi za Johannesburg zimepangwa kuandika tarehe kwa kuanza na mwaka, kama kwenye mfano huo. Tarehe ikijibanza kushoto mwa seli, hayo ni maandishi tu, Excel haijaisoma kama tarehe.