Nyumba ya Wageni na Dinari Mbili: Historia ya Hospitali za Mkoa Wetu

SOMO LA MWEZI KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI
Soma: Luka 10:30-37



Tunapofundisha mfano wa Msamaria Mwema, mara nyingi twakomea pale alipofunga majeraha. Lakini mfano hauishii njiani. Msamaria alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akampa mwenye nyumba dinari mbili, na kuahidi kulipa zaidi. Basi hapo pana mambo manne: huduma ya kwanza, usafiri, mahali pa kutunzia mgonjwa, na fedha. Lingekosekana moja, pengine yule mtu angekufa. Mambo hayo manne ndiyo yanayofanya hospitali za mkoa, nayo hayakujengwa kwa siku moja.

1. Misheni na serikali za kienyeji

Zamani za Waingereza, sehemu zetu za Bariadi na Meatu zilikuwa katika wilaya ya Maswa, Jimbo la Ziwa. Mgonjwa mahututi alibebwa kwa machela. Misheni ya Africa Inland ilianza kazi Kolandoto, karibu na Shinyanga, mwaka 1913, na hapo wagonjwa wa ukoma pia walitunzwa. Wakatoliki walijenga Sumve, huko Kwimba. Waanglikana walifanya kazi hiyo kwingine: Mvumi katika Ugogo, Muheza, Masasi, na Murgwanza katika Ngara.

Kuanzia miaka ya 1920 serikali za kienyeji nazo zilifungua zahanati ndogo. Vijana walifundishwa kuosha vidonda na kutoa dawa za kawaida. Kazi ilikuwa njema, lakini kila mmoja alijenga alipoweza, na sehemu nyingi zikabaki bila kitu.

2. Ngazi yapangwa

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, vituo vya afya vya vijijini nchi nzima vilikuwa 22 tu. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba madaktari wananchi walikuwa 12. Mwaka 1964 Profesa Richard Titmuss wa London na wenzake walitoa taarifa juu ya huduma za afya za Tanganyika. Walishauri kwamba fedha zisiishie katika hospitali kubwa za mijini, bali vijengwe vituo vya afya karibu na wakulima. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, shauri hilo lilipata nguvu. Kufika mwaka 1980 vituo hivyo vilikuwa vimezidi 200.

Hivyo ndivyo ngazi tunayoijua ilivyopangwa: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa, kisha hospitali ya kanda. Chini ya ngazi hiyo ni nyumba yako. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokaa katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakaondoka kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Kipato hicho cha kwanza cha ngazi hakijengwi na serikali. Kinajengwa na jembe lako.

3. Kanisa na serikali kushika mkono mmoja

Mwaka 1971 zilifunguliwa hospitali kubwa mbili za makanisa: KCMC mjini Moshi na Bugando mjini Mwanza. Bugando, iliyojengwa na Wakatoliki, ilitwaliwa na serikali mwaka 1972, kisha mwaka 1985 ikarudishwa kwa maaskofu kwa mapatano, ikiendelea kutumikia kanda nzima ya Ziwa. Tena, penye wilaya isiyokuwa na hospitali ya serikali, hospitali ya kanisa iliteuliwa kufanya kazi hiyo, na serikali ikasaidia gharama. Ndiyo maana hospitali ya Waanglikana ya Muheza watu huiita Teule. Msamaria na mwenye nyumba ya wageni hawakuwa mtu mmoja, lakini walipatana juu ya mgonjwa mmoja.

4. Mkoa wa Simiyu

Kwa miaka mingi sisi tulikuwa Mkoa wa Shinyanga, na hospitali ya mkoa ilikuwa huko. Mwaka 2010 hospitali za mikoa nchini zilipandishwa kuwa hospitali za rufaa. Mwaka 2012 ulizaliwa Mkoa wa Simiyu, makao yake Bariadi. Mkoa mpya haukuwa na hospitali yake, basi hospitali ya Somanda, iliyokuwa ya wilaya, ikabeba mzigo huo. Baadaye hospitali mpya ya rufaa ikajengwa Nyaumata, Bariadi.

Yafaa tufahamu kazi ya hospitali ya rufaa. Haikujengwa kwa kila homa. Imejengwa kwa yule aliyeshindikana chini: mama anayehitaji upasuaji, mtoto aliyepungukiwa damu, mtu aliyevunjika vibaya. Wenye mafua wakijaza foleni, huyo anasubiri nje.

5. Mahali tunapokawia

Ngazi ipo, lakini mama wa Kimali bado aweza kufa chini yake. Wauguzi hufundisha kwamba kuna kukawia kwa namna tatu.

Kwanza, nyumbani. Mama ameshikwa na uchungu tangu jana, lakini watu wanamngoja mume arudi mnadani, au wanangoja neno la mganga wa kienyeji. Nani alisema mama mwenye uchungu asubiri ruhusa?

Pili, njiani. Mvua ikinyesha, mito ya mchanga hujaa ghafla. Siku hizi uko mpango wa M-Mama, ambao ulijaribiwa kwanza katika kanda yetu ya Ziwa. Kwa mama mwenye hatari ya uzazi au mtoto mchanga, piga simu 115, bila malipo. Gari la wagonjwa lisipopatikana, dereva aliyeandikishwa hutumwa.

Tatu, hospitalini, ambako hukosekana damu au fedha. Sisi Wasukuma akiba yetu ni ng'ombe, lakini ng'ombe wa kuuzwa usiku wa manane huuzwa kwa hasara. Dinari mbili zatakiwa kuwa mfukoni kabla ya safari. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia kwa jirani zetu wa Igunga mwaka 1996, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Jiandikishe ungali mzima. Na damu yako yaweza kuwa dinari ya mwenzako.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika kitongoji chetu, nani ana pikipiki au gari la kusaidia usiku? Je, mama wajawazito wanamjua?
2. Kina baba: je, mkeo ana ruhusa yako tangu leo kwenda zahanati wakati wowote?
3. Umoja wa Mama na vijana waweza kufanya nini ili mtaa wetu uwe na orodha ya watoa damu?

Sala

Ee Bwana, uliyewagusa wagonjwa kwa mkono wako, wabariki waganga, wauguzi na wakunga wa mkoa wetu. Utuondolee uzito wa kukawia, utupe moyo wa kumfikisha mwenzetu mpaka mlangoni na kutoa dinari zetu kwa furaha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.