Njaa ya Mary Jones

Mtu akishinda kutwa pasipo kula, mwili wake mwenyewe humkumbusha: tumbo hunguruma, magoti hulegea, wala hahitaji mwalimu wa kumwambia kwamba ana njaa. Njaa ya roho si hivyo. Mtu aweza kukaa nayo miaka mingi asijue ni kitu gani alichopungukiwa. Hutafuta mali, hutafuta sifa, akazipata, asishibe. Bwana Yesu alipokwisha kuwalisha watu elfu tano, wengi walimfuata kesho yake ng'ambo ya bahari ya Galilaya, naye akawakemea, kwa kuwa walimfuata kwa ajili ya mkate tu. Njaa moja waliijua, ya pili hawakuijua.

Yuko msichana mmoja aliyeijua.

Mary Jones alizaliwa mwaka 1784 katika nchi ya Wales, inayopakana na Uingereza upande wa magharibi. Kwao palikuwa kijumba cha mawe chini ya mlima uitwao Cader Idris. Baba yake, Jacob, alikuwa mfuma nguo. Naye alikufa Mary akali mtoto mdogo, mama akabaki na umaskini. Watu wa Wales wana lugha yao, wala si Kiingereza, na Biblia nzima ilikuwa imekwisha kutafsiriwa katika lugha hiyo tangu mwaka 1588. Lakini kutafsiriwa ni jambo moja, na kupatikana ni jingine. Vitabu vilikuwa vichache na bei yake kubwa, hata maskini wengi waliisikia Biblia ikisomwa kanisani, wasiishike kamwe mikononi mwao.

Mary akajifunza kusoma katika shule mojawapo ya zile alizozianzisha mhubiri Thomas Charles, wa mji wa Bala. Hapo ndipo njaa ilipomshika sawasawa; maana asiyejua kusoma hupita mbele ya kitabu kama apitavyo mbele ya jiwe. Husimuliwa kwamba alizoea kwenda maili mbili hata nyumba ya mkulima mmoja aliyekuwa na Biblia, ili aisome huko. Haikumtosha. Akaazimu kununua yake mwenyewe, akaweka akiba, peni kwa peni, muda wa miaka sita. Fikirini, watoto: miaka sita! Wengi wetu tukipewa senti kumi asubuhi, jioni hatunazo.

Mwaka 1800, akiwa na umri wa miaka 15, alitembea peke yake kama maili 26, akipita milimani, hata Bala. Husemwa kwamba alikwenda miguu mitupu, viatu amevishika mkononi visije vikachakaa. Akafika kwa Bwana Charles, akamwomba amwuzie Biblia. Bwana Charles alihuzunika, kwa kuwa zile alizokuwa nazo zilikuwa zimekwisha au zimeahidiwa watu wengine. Lakini Mary hakurudi kwao mikono mitupu, alichokitafuta alikipata.

Wenye njaa kama yake walikuwa wengi katika Wales, na Bwana Charles alilijua hilo. Mwezi wa Desemba 1802 alikuwa London, akawaomba wakuu wa chama kimoja wamsaidie kupata Biblia kwa watu wake. Mmoja wao, Joseph Hughes, akauliza kwa nini msaada huo uishie Wales, usifike kwa mataifa yote. Basi tarehe 7 Machi 1804 kikaanzishwa Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Ng'ambo. Chama hicho ndicho kilichopiga chapa Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja mwaka 1891.

Mary aliolewa na mfuma nguo, akafa mwaka 1864. Biblia yake ingaliko hata leo, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Ndani yake aliandika kwa mkono wake siku aliyozaliwa, na majina ya wazazi wake, na kwamba aliinunua katika mwaka wa 16 wa maisha yake. Kisha akamwomba Bwana ampe neema.