Kata Mto kwa Mkono Ulio Nao

SOMO LA WIKI
Maandiko: Waamuzi 3:12–30, 2 Wakorintho 12:7–10

Leo naanza kwa kutubu mbele yenu. Karibu mwaka mzima, kila zamu yangu ya kufundisha ushirika wa ng'ambo ya mto ilipofika, nilikuwa na sababu. Mara ripoti ya sadaka, mara wageni, mara malaria ambayo haikuwa malaria. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa mtumbwi. Bega langu la kushoto liliumia nikiwa kijana, halinyanyuki vizuri. Nikishika kafi, mtumbwi ulikuwa unazunguka tu kama kuku aliyefungwa mguu. Siku moja watoto wa ukingoni walinicheka, nikaamua mto si wito wangu.

Mnajua Tana yetu. Kwa barabara unazunguka mpaka daraja la Garsen, na mvua ikinyesha ule udongo mweusi haupitiki. Mtumbwi ndio njia.

Halafu mama mmoja wa ushirika ule akafiwa na mumewe. Nilituma pole kwa M-Pesa. Baada ya wiki mbili akanipigia. Hakulaumu. Alisema tu, "Pasta, pesa ilifika. Wewe hukufika."

Sikulala usiku ule.

Chuoni nilisomea biashara. Tulifundishwa kuchora masanduku manne: nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Tukifika kwenye udhaifu, wote tulikuwa tunadanganya. Ati udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi! Kumbe udhaifu ukiuficha hauondoki. Unakaa pale na kukuamulia mambo: wapi utaenda, nani hutamzika.

Asubuhi nilimwendea mzee mmoja mvushaji, nikamweleza yote. Akaniangalia bega, akauliza, "Pasta, nani alikuambia lazima ubadilishe mikono?"

Alinifundisha mambo matatu. Kwanza, nikae chini, magoti yapanuke, nisijaribu kusimama kama vijana. Pili, nipige kafi upande wa kushoto tu. Ukipiga upande huo, mkono wa kushoto unashika chini na wa kulia ndio unaokwenda juu. Bega bovu halinyanyuki tena. Mwisho wa kila pigo nageuza kafi na kusukuma maji nje kidogo, ndipo mtumbwi unanyooka.

La tatu ndilo lililonihubiria. "Usikate mto ukiwa mkabala na unapokwenda," alisema. "Panda juu kwanza, upande wa ndani wa kona, maji yako mapole. Ukiupita ule mwembe, sasa kata. Maji yenyewe yatakushusha hadi bandarini." Yaani mkondo niliokuwa napigana nao ukawa sehemu ya safari.

Sasa tumwangalie Ehudi. Israeli walikuwa chini ya Egloni mfalme wa Moabu miaka 18. Mungu akawainulia mtu wa Benyamini, jina linalomaanisha mwana wa mkono wa kuume, na mtu mwenyewe alikuwa wa shoto! Kiebrania cha Waamuzi 3:15 kinamweleza kama mtu aliyefungika mkono wa kulia. Kisu chake alikifunga paja la kulia, mahali watu wengi hawakiweki. Mungu hakumgeuza mkono kwanza ndipo amtume. Baada ya hapo nchi ilistarehe miaka 80.

Naye Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe. Haukuondolewa. Alipewa neema ya kuendelea na kazi akiwa nao.

Hata Mkenya mwenzetu Philip Boit, mkimbiaji wa nchi isiyo na majira ya theluji, alijifunza kuteleza kwenye theluji ukubwani. Kwenye Olimpiki ya Nagano, 1998, alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari akamkumbatia. Boit alishiriki tena 2002 na 2006. Kuwa wa mwisho hakukumzuia kurudi.

Tahadhari mbili, wapendwa. Dhambi si udhaifu. Dhambi tunaitubu na kuiacha. Udhaifu tunaufanyia mpango. Mimi bega lilikuwa udhaifu, lakini ile malaria ya uongo ilikuwa dhambi. La pili, hekima si woga. Mto ukifurika kama mwisho wa 2023, mzee mwenyewe havuki, na mimi sivuki. Mamba hasomi cheo cha mtu.

Ilinichukua majuma sita. Nilipotia nanga ng'ambo, nililowa mpaka kiunoni. Yule mama aliniona, akacheka, akaenda kuweka chai jikoni. Nilikaa naye, tukamlilia marehemu, kwa kuchelewa.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI
1. Ni kazi gani ya Mungu unayoikwepa kwa sababu ya udhaifu unaouficha?
2. Nani umwendee wiki hii umwambie ukweli, akufundishe?
3. Ni nani anayeweza kukuambia, "Wewe hukufika"? Utaenda lini?

OMBI: Bwana, nisamehe visingizio vyangu. Nifundishe kukutumikia kwa mkono nilio nao. Katika jina la Yesu, amina.