Kutengeneza Kipima-njia kwa Vifaa vya Redio Mbovu

Utangulizi

Katika masomo yaliyotangulia umejifunza kwamba mkondo wa umeme hupita katika mzunguko uliokamilika tu. Umejifunza pia kwamba shaba hupitisha umeme vizuri, na kwamba mpira na plastiki huuzuia. Katika somo hili utayatumia maarifa hayo kutengeneza chombo kidogo cha kazi. Tutakiita kipima-njia, kwa sababu kazi yake ni kutuonyesha kama umeme una njia ya kupita ndani ya kitu fulani au hauna.

Redio inapoacha kusema, watu husema kwamba imekufa. Lakini redio yenye sehemu nyingi yaweza kunyamaza kwa sababu ya sehemu moja tu iliyoharibika. Pengine ni waya uliokatika, au swichi iliyoshika kutu. Sehemu nyingine zote huenda ni nzima na zaweza kufanya kazi tena. Mtu asiyejua kupima hutupa kizima pamoja na kibovu, kisha hutoa fedha kununua kile alichokitupa. Mtu ajuaye kupima hupata vifaa vya kujifunzia bila gharama kubwa.

Vifaa vinavyohitajika

1. Betri 3 za tochi, kila moja ya volti 1.5.
2. Diodi ya mwanga 1, ya rangi nyekundu. Hii ni taa ndogo ya elektroniki ambayo dukani huitwa LED.
3. Rezista 1. Hiki ni kifaa kidogo chenye mistari ya rangi, ambacho hupunguza mkondo wa umeme.
4. Waya mwembamba wa shaba wenye ganda la plastiki, urefu wa mita 1.
5. Misumari midogo 2.
6. Kipande cha boksi gumu, karatasi ngumu, selotepu, na ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli.

Mahali pa kupata vifaa

Anza nyumbani. Redio ndogo ya betri isiyotengenezeka, tochi mbovu na vitu vya kuchezea vilivyovunjika vina nyaya, swichi, rezista na diodi ndani yake. Kabla ya kufungua kitu chochote, omba ruhusa kwa mwenyewe. Ondoa betri zote kwanza.

Pili, nenda kwa fundi redio wa kijijini au mtaani kwenu. Mafundi wengi wana sanduku la mabaki. Tatu, kama umekosa, nenda kwenye duka la vifaa vya elektroniki. Katika miji mikubwa maduka haya hukaa pamoja, kama yalivyo ya Kariakoo mjini Dar es Salaam na ya barabara ya Luthuli mjini Nairobi. Uliza bei katika maduka mawili au matatu kabla ya kununua.

Popote uendapo, nenda na hesabu yako. Soma mazungumzo haya:

– Shikamoo, fundi.
– Marahaba, mwanangu. Nikusaidie nini?
– Naomba rezista moja, ile ndogo yenye rangi rangi.
– Zote zina rangi rangi, mwanangu. Unataka ya omu ngapi?

Mwanafunzi huyu hakuweza kujibu. Akipewa rezista yoyote, huenda taa yake isiwake, au ikaungua. Tutajifunza namna ya kumjibu fundi.

Vitu ambavyo hupaswi kufungua

Si kila kitu kibovu ni ghala la vifaa. Vingine vyaweza kuua hata baada ya kuchomolewa katika umeme. Shika sana maagizo haya:

(a) Usifungue televisheni ya zamani yenye kioo kinene cha chupa. Ndani yake umeme wa maelfu ya volti huweza kubaki ingawa imezimwa.
(b) Usifungue jiko la maikrowevu, wala chaja ya simu, wala kifaa chochote cha umeme wa ukutani. Ndani ya vifaa hivyo mna kapasita, yaani vitunza-chaji. Kapasita ya chaja huweza kutunza chaji ya volti zaidi ya 300.
(c) Usitoboe wala kupasua betri ya simu. Betri hiyo huweza kulipuka moto.
(d) Usivunje taa za mirija wala zile za kubana umeme zenye mirija. Zina zebaki, ambayo ni sumu.
(e) Usichome nyaya motoni ili kupata shaba. Moshi wa plastiki ni sumu. Menya ganda kwa kisu, ukielekeza makali mbali na mkono.

Risasi iliyotumika kulehemu redio za zamani nayo ni sumu ikiingia mwilini. Usiitie kinywani, na unawe mikono kwa sabuni kila umalizapo kazi. Kazi ya kuyeyusha lehemu ifanywe na fundi au mwalimu, mahali penye hewa ya kutosha.

Kuitambua diodi ya mwanga

Diodi ya mwanga hupitisha umeme upande mmoja tu. Ikiwa mpya, mguu mrefu ni wa chanya na mfupi ni wa hasi. Ukiitoa katika redio, miguu huwa imekatwa sawa. Hapo tazama ukingo wa chini wa kichwa chake. Diodi nyingi za mviringo zina sehemu iliyonyooka kwenye ukingo huo, na mguu ulio karibu na sehemu hiyo ni wa hasi.

Chagua nyekundu, kwa kuwa inahitaji kiasi cha volti 2 tu ili iwake. Nyeupe na buluu huhitaji kiasi cha volti 3. Diodi ya rimoti ya televisheni haitufai, maana hutoa mwanga ambao jicho haliwezi kuuona.

Kukokotoa ukinzani

Diodi ya mwanga haijui kujizuia. Ukiiunga kwenye betri tatu bila rezista, mkondo mkubwa mno hupita na kuiharibu mara moja. Kwa hiyo ni lazima tujue kiasi cha ukinzani tunachohitaji.

Mwaka 1827 Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyepata kuwa mwalimu wa shule, alichapisha kanuni inayohusisha volti, mkondo na ukinzani. Kipimo cha ukinzani, yaani omu, kimeitwa kwa jina lake. Kanuni yake ni hii:

Ukinzani = volti ÷ mkondo

Sasa fuata hesabu yetu.

Volti za betri tatu: 1.5 × 3 = 4.5
Volti zinazotumiwa na diodi: 2
Volti zinazobaki kwa rezista: 4.5 – 2 = 2.5
Mkondo unaofaa kwa diodi ndogo: ampea 0.01
Ukinzani: 2.5 ÷ 0.01 = omu 250

Rezista ya omu 250 si rahisi kuipata dukani. Chukua iliyo kubwa kidogo, yaani ya omu 270. Ukubwa ukizidi kidogo, mwanga hupungua kidogo tu. Lakini ukichukua iliyo ndogo mno, diodi huungua. Katika kazi hii ni afadhali kuzidisha kidogo kuliko kupunguza.

Sasa mwanafunzi wetu anaweza kurudi kwa fundi na kusema: "Naomba rezista moja ya omu 270, ya robo wati, na diodi moja nyekundu ya mwanga." Fundi atampa bila kuuliza mara ya pili.

Kusoma rangi za rezista

Kila rangi ina tarakimu yake:

nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, machungwa 3, njano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9.

Chukua rezista yenye mistari minne. Ishike mstari wa dhahabu au wa fedha ukiwa kulia. Mistari miwili ya kwanza ni tarakimu. Mstari wa tatu hueleza idadi ya sifuri za kuongeza. Ule wa dhahabu hueleza kwamba kipimo chaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5.

Mfano: nyekundu (2), zambarau (7), kahawia (sifuri moja). Jibu ni omu 270. Hiyo ndiyo tunayoitafuta. Rezista zenye mistari mitano husomwa kwa namna nyingine. Ziweke kando kwanza.

Kutengeneza kipima-njia

1. Panga betri tatu katika mstari mmoja, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine. Ziviringe kwa karatasi ngumu na uzifunge kwa selotepu.
2. Kata waya vipande vinne. Menya ncha zote, urefu wa sentimita 2.
3. Bana ncha ya waya mmoja kwenye kichwa cha betri ya mwisho, ambacho ni chanya. Bana ncha ya waya wa pili kwenye kitako cha upande wa pili, ambacho ni hasi. Zungushia ukanda wa mpira kutoka mwisho hadi mwisho, ili nyaya zishikwe kwa nguvu.
4. Sokotea ncha ya pili ya waya wa chanya kwenye mguu mmoja wa rezista. Rezista haina chanya wala hasi.
5. Sokotea mguu wa pili wa rezista kwenye mguu wa chanya wa diodi.
6. Sokotea waya wa tatu kwenye mguu wa hasi wa diodi. Ncha yake ya pili izungushe kwenye msumari wa kwanza.
7. Ncha ya pili ya waya wa hasi wa betri iunge na waya wa nne, na waya huo uzungushe kwenye msumari wa pili.
8. Funga viungo kwa selotepu, kisha bandika vyote juu ya boksi.

Gusanisha misumari miwili. Diodi inawaka? Itenganishe. Diodi imezimika? Basi kipima-njia chako kimekamilika. Katika kupima, msumari wa pili ndio wa hasi, na wa kwanza ni wa chanya.

Kama haikuwaka, usikate tamaa wala usibadilishe vitu vyote kwa pamoja. Kagua kimoja kimoja kwa utaratibu huu: Je, betri zote zimeelekea upande mmoja? Je, diodi imegeuzwa? Je, kuna kiungo kilicholegea? Je, betri zimechoka?

Jaribio: Kupima vifaa

Onyo: Usipime kamwe kitu kilichounganishwa na umeme wa ukutani. Pima kitu kilichotolewa mahali pake, kisicho na umeme.

Gusa kila kifaa kwa misumari yote miwili, mmoja kila upande. Andika uonacho katika daftari, kisha linganisha na maelezo haya.

Waya: diodi ikiwaka, waya ni mzima. Isipowaka, umekatika ndani ya ganda.
Fyuzi: ikiwaka, ni nzima.
Balbu ya tochi: diodi ikiwaka, uzi wa balbu haujakatika. Balbu yenyewe haitawaka, kwa kuwa mkondo ni mdogo.
Swichi: diodi iwake swichi inapofungwa, na izimike inapofunguliwa. Ikiwaka daima, au isipowaka kabisa, swichi ni mbovu.
Spika ndogo: diodi huwaka, na spika hutoa mlio mfupi unapoigusa.
Diodi ya kawaida: huwaka upande mmoja, na ukigeuza misumari hazimuliki. Ikiwaka pande zote mbili, au isipowaka upande wowote, ni mbovu.
Kapasita ya redio ya betri, yenye mikrofaradi 1000: gusanisha miguu yake kwanza ili imalize chaji. Kisha weka msumari wa chanya kwenye mguu wa chanya. Diodi humweka mara moja na kufifia. Huo ni umeme unaoijaza kapasita.

Kipima-njia kina mipaka yake. Rezista ya omu 100,000 haiwashi diodi ingawa ni nzima, kwa sababu mkondo unaopita ni mdogo mno. Kwa hiyo usitupe rezista kwa sababu tu diodi haikuwaka. Isome rangi kwanza.

Mambo ya kukumbuka

Kifaa kibovu huweza kuwa na sehemu nzima.
Fanya hesabu kabla ya kununua na kabla ya kuunga.
Diodi ya mwanga haiungwi kwenye betri bila rezista.
Vifaa vya umeme wa ukutani si vya kuchezea wala si vya kufungua.

Maswali

1. Kwa nini diodi ya mwanga huhitaji rezista?
2. Rezista ina rangi njano, zambarau, kahawia na dhahabu. Ina omu ngapi?
3. Juma anataka kuwasha diodi nyekundu kwa betri nne za tochi. Kokotoa ukinzani anaouhitaji kwa mkondo wa ampea 0.01. Je, rezista ya swali la 2 inamfaa? Eleza.
4. Taja vitu vitatu usivyopaswa kufungua, na ueleze hatari ya kila kimoja.
5. Tochi ya jirani haiwaki ingawa betri zake ni mpya. Eleza hatua kwa hatua utakavyotumia kipima-njia kutafuta sehemu iliyoharibika.

Kazi ya kikundi

Tengenezeni sanduku la vifaa la darasa. Kila kifaa kilichopimwa kiwekwe katika bahasha yenye jina la kifaa, kipimo chake, na jina la mwanafunzi aliyekipima. Kifaa kisichopimwa kisiingie sandukuni, ili mwenzenu atakayekitumia kesho aweze kukiamini.